Ampuli Haina Kifuniko

Ndugu zangu mnaojichoma sindano nyumbani, na ninyi mnaowachoma wazazi wenu na wenzi wenu kwa sababu zahanati iko mbali au nauli haipo, nina neno nanyi. Ni ninyi mliokabidhiwa kile kichupa chembamba cha kioo chenye shingo iliyobanwa na kichwa kilichochongoka. Hospitalini tulikizoea mkononi mwa nesi. Alikivunja, kikalia tak, na sisi tulikuwa tumeshafumba macho tukingoja sindano, hata hatukuona alifanyaje. Sasa nesi hayupo. Mkono ni wenu, kioo ni chenu, na nyama itakayochomwa ni yenu.

Kitazameni. Kitafuteni kifuniko. Hakipo. Hakuna kizibo cha mpira cha kutoboa, wala mfuniko wa kuzungusha. Kioo hicho kiliyeyushwa kwa moto, kikafungwa dawa ikiwa ndani, na hakuna njia nyingine ya kuifikia dawa hiyo isipokuwa kuvunja. Mfamasia Mfaransa Stanislas Limousin ndiye aliyeitangaza ampuli ya dawa ya sindano mwaka 1886, enzi ambayo waganga wa Ulaya walikuwa wametoka kujifunza kwamba vijidudu visivyoonekana kwa macho ndivyo vinavyoozesha vidonda. Dozi moja ndani ya kioo kimoja, kikafungwa kwa moto. Usafi wa dawa ile unalindwa na kufungwa kwake, na ulinzi huo unakwisha papo hapo shingo inapokatika. Lishikeni hilo, maana kila nitakalowasihi hapa limetoka humo.

Nawasihi nikiwa mkosaji. Miaka tisa iliyopita madaktari waliniondoa tumbo la chakula, lote, ili nibaki hai. Tumbo ndilo linalotoa kile kibebeo ambacho vitamini B12 ya kwenye nyama, mayai na maziwa inakihitaji ili iingie mwilini. Asiye na tumbo anaweza kula vizuri kila siku, na bado akiba iliyo kwenye ini ikaisha polepole, damu ikapungua, nyayo zikafa ganzi, kumbukumbu ikatoroka. Zamani kukosa vitamini hii kulikuwa hukumu ya kifo. Mwaka 1926 kule Boston, George Minot na William Murphy walionyesha kwamba wagonjwa waliolishwa maini mengi kila siku waliinuka kitandani, na mwaka 1948 vitamini yenyewe ikapatikana, fuwele nyekundu kama damu. Leo uhai wangu umo ndani ya mililita moja ya maji mekundu kama juisi ya choya, katika kioo cha rangi ya kahawia kinachoikinga na mwanga. Kila baada ya miezi miwili naivunja ampuli hiyo na kujichoma pajani.

Siku moja nilikuwa na safari. Basi lilikuwa linaondoka saa kumi na mbili alfajiri, na umeme ulikuwa umekatika tangu usiku. Niling'ata simu kwa meno inimulikie, nikaishika ampuli kwa vidole vitupu, nikaivunja kama mtu anayekonyoa mbegu. Kichwa kilisagika. Kioo kikanichana kidole cha shahada, mkato mrefu. Na sasa nawaambia lile ambalo niliona haya kulisema kwa miaka: sikuimwaga. Kulikuwa na maji mekundu yamebaki chini ya ampuli, na kwa mwanga ule wa simu sikuweza kutambua kama ni dawa au ni damu yangu. Nikayavuta. Nikajichoma kwa sindano ileile niliyovutia, nikafunga kidole kwa kitambaa, nikakimbilia kituoni. Paja lilivimba likawa gumu kwa siku kadhaa. Hilo lilipona. Lakini kipande cha kichwa cha ampuli kilikuwa kimerukia chini ya mkeka, na baada ya wiki tatu mjukuu wangu wa miaka minne alikikanyaga. Nesi alikitoa kwa koleo ndogo huku mtoto akiniita mimi nimsaidie, mimi niliyekiacha pale.

Kwa hiyo mkinisikia nasema kwa ukali, mjue ukali huo umeanza kwangu.

Wapendwa, kazi ya ampuli inafanywa kabla ya kuivunja. Ukishaivunja umechelewa kutafuta pamba, umechelewa kutafuta bomba, umechelewa kumfukuza kuku mezani. Washa taa au ngoja kupambazuke. Vaa miwani kama una miwani. Herufi za kwenye ampuli ni ndogo kuliko punje ya ulezi, na ampuli za dawa mbili tofauti kabisa zinaweza kufanana kama mapacha. Soma jina la dawa unapoitoa kwenye boksi, lisome tena kabla ya kuvunja, lisome mara ya tatu kabla ya kuitupa. Soma ni miligramu ngapi katika kila mililita, maana dawa hiyohiyo huuzwa kwa nguvu tofauti, na jirani aliyekununulia duka jingine hakujua hilo. Soma tarehe. Inyanyue kwenye mwanga: ukiona ufa mwembamba kama unywele, ukiona chembe zinaelea katika dawa iliyopaswa kuwa angavu, ukiona rangi imebadilika, iweke kando na uirudishe ulikoitoa.

Osha mikono kwa sabuni. Tandaza kitambaa safi kwenye meza ngumu, si kitandani, si kwenye mkeka, si juu ya magoti yako. Weka chombo cha taka karibu, kikiwa wazi. Toa bomba na sindano kwenye mifuko yake mipya. Halafu ishike ampuli imesimama na uigonge kichwani kwa ukucha, taratibu, mpaka dawa iliyokwama juu ishuke yote chini. Futa shingo kwa pamba yenye spiriti na uiache ikauke yenyewe, maana nje ya ampuli hakuna usafi wowote. Imepita kwenye maboksi, malori na vidole vya watu wengi, na ukivunja shingo chafu umeufungulia uchafu huo mlango wa kuingia kwenye dawa.

Sasa shingo yenyewe. Ampuli nyingi za siku hizi zina nukta ya rangi, au mstari wa rangi unaozunguka shingo. Wengi huidhani nukta ile ni pambo. Nukta ni maelekezo! Chini yake kiwandani wamekwaruza kioo kidogo, na kioo hupasuka kuanzia pale kilipokwaruzwa, kikivutwa. Basi nukta ikutazame wewe. Zungushia shingo na kichwa shashi safi iliyokunjwa, au tumia kile kifaa kidogo cha plastiki cha kuvunjia ampuli kama umekipata duka la dawa. Mkono mmoja ushike mwili wa ampuli, gumba na kidole cha shahada vikiwa karibu na shingo. Mkono mwingine ushike kichwa, gumba likiwa juu ya nukta, nawe usukume kichwa kwenda mbele, mbali na uso wako, kwa msukumo mmoja wa hakika. Usikiminye kichwa. Kukiminya ndiko kulikonisagia mimi. Yenye mstari wa kuzunguka hukatika upande wowote, lakini nayo ivunjwe kuelekea nje. Na ile isiyo na nukta wala mstari huja na kitupa kidogo ndani ya boksi: kwaruza shingoni mkwaruzo mmoja, futa tena kwa spiriti, ndipo uvunje.

Kuna wanaopiga shingo kwa mgongo wa kisu. Kuna wanaogonga kwa kijiko. Kuna wanaoing'ata, Mungu awasitiri, waking'ata kioo kwa meno waliyopewa ya kulia chakula. Acheni! Mara kumi itakatika vizuri, na mara ya kumi na moja vipande vitakuwa kwenye ulimi, kwenye jicho, au ndani ya dawa. Ikisagika, hata kama dawa yote bado imo, hata kama ndiyo ampuli ya mwisho uliyo nayo, itupe. Usiichuje kwa kitambaa. Usiokoe tone. Naijua bei yake, na bado nakuambia itupe.

Hapa naomba mnisikilize zaidi, kwa sababu hiki ndicho wengi hawajaambiwa na mtu yeyote. Hata ampuli iliyokatika vizuri, shingo nyoofu, mkono salama, huangusha chembe za kioo ndani ya dawa. Kila kioo kinachopasuka hutoa unga. Unga huo huuoni. Unywele wa kichwa una unene wa mikroni kama 70. Nyingi ya chembe ninazozisema ni ndogo kuliko hapo, nazo hunyonywa na sindano pamoja na dawa. Kwenye nyama zinaweza kuleta uvimbe na uchungu usioeleweka. Zikiingia kwenye mshipa wa damu husafiri mpaka kwenye mapafu na kukwama huko, ndiyo maana dawa ya mshipani si kazi ya kufanywa na mtu peke yake chumbani.

Dawa ya unga huo ipo. Inaitwa sindano ya kuchujia: sindano ya kuvutia dawa yenye chujio ndani ya kishikizo chake, matundu yake mara nyingi ni ya mikroni 5. Unaipachika kwenye bomba, unavuta dawa, kisha unaitoa na kupachika sindano nyingine mpya ya kujichomea. Kuitoa ni lazima. Nasema tena, ni lazima. Chujio limekamata kioo upande mmoja; ukijichoma kwa sindano hiyohiyo, unaposukuma bomba unakirudisha kioo kilekile kwenye mwili wako. Mtu wa namna hiyo ni kama hakuchuja kabisa.

Iulizeni duka la dawa. Wakisema hawana, ulizeni tena mwezi ujao, na muwaombe waiagize. Duka huagiza kinachoulizwa. Mpaka ipatikane, vuta kwa sindano nyembamba, kwa maana sindano nene hunyonya vipande vikubwa zaidi. Iache ampuli itulie kidogo baada ya kuivunja ili vizito vizame. Vuta polepole, ncha isikwangue chini ya ampuli, na isiguse ukingo uliovunjika. Halafu badilisha sindano kabla ya kujichoma, hata kama ile ya kwanza inaonekana nzima. Dawa chache ni za unga unaoelea majini, na hizo hazichujwi, kwa kuwa chujio litabaki na dawa yenyewe. Mfamasia atakuambia yako ni ya namna gani. Umuulize kabla hujatoka dirishani.

Usisukume hewa ndani ya ampuli kama wafanyavyo kwenye chupa zenye kizibo cha mpira. Ampuli iko wazi, hewa itairusha dawa nje. Ingiza ncha ndani ya maji ya dawa, vuta, inamisha, vuta. Ukishamaliza, simamisha bomba sindano ikiwa juu, ligonge kwa kidole, viputo vipande, visukume vitoke. Mengine ya mahali pa kuchoma, kina na mwelekeo, ufundishwe kwa macho na nesi au daktari aliyekuandikia dawa, ukijichoma mbele yake mpaka aridhike. Maandishi yangu hayatoshi kwa hilo, na asikudanganye mtu kwamba ya mwingine yanatosha.

Nije kwa wenye uhitaji, na wengi wetu ndio sisi. Nawajua wanaovunja ampuli, wakachoma nusu, nusu wakaiziba kwa pamba au kwa plasta na kuiweka kwenye friji kando ya maziwa. Nawajua ndugu wawili wanaogawana moja. Nawaelewa. Lakini kumbukeni moto ulioifunga ampuli. Nyingi ya dawa hizi hazikutiwa kihifadhi cha kuua vijidudu, kwa sababu mtengenezaji alijua itavunjwa na kutumika palepale. Tangu shingo ilipokatika, hewa ya chumba inaingia, na kinachoota ndani kinaweza kisibadilishe rangi wala harufu. Jipu la paja litakugharimu zaidi ya ampuli nzima. Mwendee daktari umwambie wazi: dozi yangu ni ndogo kuliko ampuli, naomba ampuli ndogo kama ipo. Kusema hivyo si aibu. Na bomba, ndugu zangu, bomba ni la mtu mmoja kwa mara moja. Mke na mume hawashiriki bomba.

Kuna kundi moja ambalo nalo nalibebea mzigo. Wako ambao kuumwa na nyuki, au karanga moja ndani ya mchuzi, huwafunga koo ndani ya dakika. Kalamu za adrenalini zilizo tayari kwa kuchomwa hazipatikani kwenye maduka mengi ya kwetu, kwa hiyo baadhi yao madaktari wamewapa ampuli na bomba. Fikirini: kuvunja kioo huku midomo inavimba na mikono inatetemeka. Enyi wa kundi hili, jifunzeni kabla. Muombeni nesi ampuli za maji ya sindano, mvunje mbele yake moja, mbili, tano, mpaka vidole vizoee bila akili kuamrisha. Wafundisheni mke, mume, mtoto mkubwa, mwalimu wa shule. Wekeni kila kitu katika mfuko mmoja, ampuli zaidi ya moja, na daktari awaandikie kwa herufi kubwa ni mililita ngapi za kuvuta. Na saa hiyo ikifika, msingoje sindano ya kuchujia! Msingoje spiriti ikauke! Vunja, vuta, choma nje ya paja, kisha hospitali bila kukawia. Uhai unaozimika unakuja kabla ya chembe ya kioo.

Sasa nawageukia wale ambao hamtawaona. Saa kumi na moja alfajiri kuna kijana mwenye gunia anafungua mifuko ya taka mtaani kwenu kutafuta chupa za plastiki. Dampo la Pugu Kinyamwezi kule Dar es Salaam lina wanawake wanaochambua taka kwa mikono mitupu, na Dandora kule Nairobi ni vivyo hivyo. Mkono wa mama yule ndio unaoingia kwenye mfuko ulimotia ampuli yako iliyovunjika na sindano yako iliyokwishatumika. Kirusi cha homa ya ini aina ya B huweza kuishi nje ya mwili kwa siku 7 au zaidi kwenye damu iliyokauka. Wewe umelala umepona, yeye ameanza kuugua, na hatajua ni nyumba gani.

Chukueni dumu gumu la plastiki lenye mfuniko wa kuzungusha, kama la mafuta ya kupikia au la sabuni ya maji. Chupa ya maji ya kunywa haifai, sindano huitoboa. Andikeni juu yake kwa wino usiofutika: SINDANO NA VIOO, USIGUSE. Humo kiingie kichwa cha ampuli, mwili wake na shashi yenye vipande, kisha sindano zote mbili pamoja na bomba, papo hapo, bila kurudishia sindano kifuniko chake, maana wengi wamejichoma wakirudishia. Dumu likae juu pasipofikiwa na mtoto. Likijaa robo tatu, lifungwe, lipelekwe zahanati au kituo cha afya ambako wana njia ya kuteketeza. Usilitie motoni nyuma ya nyumba: ampuli isiyovunjwa, kama imo, hupasuka kama risasi, na sindano hubaki kwenye majivu ikiwa bado kali, ikingoja nyayo za watoto. Na kama mtu amechomwa na sindano iliyotumiwa na mwingine, aoshe kwa maji yanayotiririka na sabuni, asikamue, asinyonye, akimbilie kituo cha afya saa hiyohiyo. Dawa za kumkinga na virusi vya UKIMWI lazima zianze ndani ya saa 72, na kila saa inayopita inapunguza nguvu yake.

Kila nikimaliza kujichoma sasa nahesabu kwa sauti. Kichwa, mwili, sindano ya kuvutia, sindano ya kuchomea na bomba lake. Vinne ndani ya dumu. Kisha nakunja kitambaa cha mezani kuelekea ndani, nakikung'utia humohumo, na napitisha kiganja chenye pamba iliyolowa sakafuni kuzunguka miguu ya kiti, polepole, upande hadi upande. Mjukuu wangu sasa ana miaka saba, naye husimama mlangoni akingoja. Haingii mpaka nimwambie, "Vinne vimetimia, babu, pita."